Ukiandamana, Acha Njia ya Ambulensi

Msikilizaji, kuandamana ni haki yako. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki hiyo, mradi uandamane kwa amani na bila silaha.

Huombi ruhusa. Unatoa taarifa. Narudia: unatoa taarifa.

Andika barua kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu, angalau siku 3 kabla. Taja siku, saa na barabara mtakazopita. Sheria inataka maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Je, mnaweza kujaza barabara? Mkipita kwa miguu, magari yatasubiri. Hilo ni la kawaida, na wenye magari wavumilie. Lakini kupanga mawe au kuchoma matairi ni jambo jingine. Nyuma ya moto ule huenda kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa, na hospitali iko ng'ambo ya pili. Yeye hakuwakosea.

Basi chagueni watu wa kuongoza msafara. Mkisikia king'ora, gawanyikeni pande mbili. Ambulensi ipite. Tafadhali, ambulensi ipite.