Kupima Kujiamini kwa Mwanafunzi: Kwa Lugha Ipi?



Mbalizi ni mji mdogo ulio magharibi ya jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kijana anayekulia hapo huweza kuzungumza Kisafwa nyumbani, akasomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari ambako takriban masomo yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anapokaribia chuo au ajira, huulizwa kama anajiamini katika kusoma na kuandika. Swali hili halina jibu moja mpaka lugha inayokusudiwa itajwe.

Tangu mwaka 1977, mwanasaikolojia Albert Bandura alisisitiza kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hufungamana na kazi mahususi. Kwa hiyo, hojaji yenye kauli "Ninaweza kusoma vizuri" haitoshi. Yafaa itaje kazi zenyewe: kufupisha sura ya kitabu cha biolojia, kuandika barua ya kuomba kazi, kuuelewa mkataba kabla ya kutia sahihi. Tena kila kazi iulizwe mara mbili: kwanza kama yaweza kufanywa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Kuna na suala la adabu. Kijana aliyelelewa vema, akiulizwa na mkubwa wake kama anajua jambo, aghalabu hujibu "najaribu" au "kidogo tu." Mtafiti asiyeifahamu desturi hiyo huandika unyonge mahali palipo na staha. Mwingine huitikia "ndiyo" kwa kila swali ili kumridhisha mgeni. Ndiyo maana hojaji haina budi kuambatana na zoezi, ili neno lipimwe kwa tendo.

Mwaka 1984, ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hakikutosheleza kujifunzia masomo mengine. Onyo hilo lingali na maana. Mwanafunzi akijiamini kwa Kiswahili na kusita kwa Kiingereza katika kazi ile ile, akili yake haijapungua. Kilichobadilika ni lugha. Kipimo kisichotenganisha mambo hayo mawili humhukumu mtoto kwa kosa lisilo lake, naye huenda akaiamini hukumu hiyo maisha yake yote.