Si Wote Watakaopanda Gari la Bendera

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mliojaza ngazi mpaka mlangoni: itifaki imezingatiwa.

Naomba tusiivuke haraka sentensi hiyo. Kila msemaji nchini huitamka ili aokoe muda, lakini nyuma yake yupo mtu aliyekesha akipanga nani aketi wapi, bendera ipi ikae kulia, jina la mgeni litamkwe vipi na gari lipi litangulie. Huyo ni afisa itifaki. Akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayemwona; akikosea, magazeti ya kesho yanajua. Nimefundisha uhusiano wa kimataifa miaka mingi, na sijapata kumsikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisema anataka kuwa afisa itifaki. Nikiuliza, darasa zima hujibu neno moja: balozi.

Basi tupige hesabu. Tanzania ina ofisi za ubalozi zaidi ya 40 duniani, na kila ofisi ina balozi mmoja. Anayewateua ni Rais, naye hafungwi kuchagua waliosoma fani yetu. Huteuliwa wanajeshi, wanasiasa, wahadhiri, wanahabari. Ngazi ya kuanzia wizarani, ile ya Afisa Mambo ya Nje Daraja la Pili, hupitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili wa mchujo hukusanya watu wengi kwa nafasi chache. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu kila Novemba. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe awe balozi ana haki ya kuambiwa jambo hili mapema, na kuambiwa na sisi tuliopokea ada.

Mtaniambia mbona Dkt. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Kweli. Lakini wakati ule nchi ilikuwa changa na viti vilikuwa vitupu. Mtu mwenye akili na Kiingereza kizuri alikabidhiwa ubalozi kama leo kijana anavyokabidhiwa pikipiki. Kilichomfikisha kwenye urais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, na baadaye kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, kuanzia 1989 hadi 2001, ni miaka ya kukaa vikaoni, kusoma azimio neno kwa neno na kujua nani ana kinyongo na nani. Hiyo inaigika. Kuteuliwa ukiwa na miaka 22 hakuigiki.

Afadhali tuwatazame wengine. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere na akaongoza vyumba vya habari kabla ya kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje. Asha-Rose Migiro alikuwa mhadhiri wa sheria. Sheria hiyo ndiyo aliyoingia nayo serikalini, na mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Augustine Mahiga alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, akafanya kazi katika shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, akawa mwakilishi wetu New York, akapelekwa kusimamia shughuli za umoja huo kwa ajili ya Somalia, na mwishoni akawa waziri. Kila mmoja wao alishika kazi nyingine kwanza, na diplomasia ikamkuta kazini.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, na nitatumia mahindi.

Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa hoja kwamba yana sumukuvu kupita kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo moja ya mahindi. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uje na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, na biashara ya mpakani ikawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Picha iliyobaki vichwani mwetu ni ya marais wawili wakitabasamu.

Sasa fikirini wiki zile kabla ya picha. Alihitajika mtu wa kusoma majibu ya maabara na kuuliza sampuli ilichotwa vipi, maana gunia moja lenye unyevu linaweza kulitia hatiani lori zima. Akahitajika mwingine anayejua kwamba Itifaki ya Umoja wa Forodha inazungumzia vikwazo visivyo vya kiushuru katika ibara ya 13, na anayeweza kueleza lini ulinzi wa afya ya mlaji unakuwa ulinzi wa soko la mkulima wa nyumbani. (Mmelisikia neno: itifaki. Ni lilelile la viti na bendera. Kiswahili kimeyaweka mambo haya mawili chini ya paa moja, na naona kimefanya busara.) Akahitajika pia wa kuwapigia simu wafanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa, kujua magunia mangapi yako njiani na nani anakaribia kufilisika. Na mwisho, wa kuyakusanya yote katika dokezo la kurasa mbili ambalo waziri atalisoma ndani ya gari.

Watu hao wanne wote walikuwa kwenye uhusiano wa kimataifa, wapende wasipende. Katika darasa langu la mwaka wa tatu, wangapi wangeweza kukalia kiti kimoja kati ya hivyo vinne? Labda cha dokezo, na hapo pia nina mashaka. Mwanafunzi wangu anaweza kunieleza nadharia ya uhalisia kwa saa nzima, ila ukimpa kikao cha saa mbili akuandikie muhtasari, anakuletea kurasa kumi na moja zisizosema nani aliahidi nini.

Kwa hiyo nawaambia: shahada yetu ni mchuzi. Mchuzi mzuri, siudharau, maisha yangu yote nimeupika. Lakini hakuna anayealikwa kula mchuzi mtupu. Mwajiri atakuuliza wali wako uko wapi: ni sheria, ni takwimu, ni forodha, ni lugha, ni uhasibu wa miradi, ni afya ya mimea? Chagua kimoja kabla ya mwaka wa pili kwisha. Ukisubiri mahafali umechelewa.

Forodha, kwa mfano, wengi mnaiona kazi ya watu wa bandarini wenye makaratasi kwapani. Kipo cheti cha mawakala wa forodha kinachotambuliwa Afrika Mashariki nzima, na mwenye kuwa nacho pamoja na kuelewa mikataba ya kikanda ni adimu. Mzigo wa Kongo na Zambia unapita Dar es Salaam na Tunduma kila siku. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na limesimama juu ya makubaliano baina ya serikali. Makubaliano ya namna hiyo hayajitekelezi yenyewe. Kampuni za usafirishaji, benki zinazovuka mipaka na bima zinahitaji watu wa kuziambia nini kimebadilika Lubumbashi kabla hasara haijafika. Tangazo la kazi halitaandika "diplomasia". Nanyi msiipite kwa sababu hiyo.

Lugha nitaizungumza kwa uchungu. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 na nchi mbili, Tanzania na Msumbiji. Tangu siku ya kwanza, kwa hiyo, jirani wa Kireno alikuwa ndani ya nyumba. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi ya Kifaransa yenye watu wengi kuliko mwanachama mwingine yeyote. Burundi na Rwanda ziliingia 2007. Lakini hadi leo mhitimu wetu anajaza fomu ya maombi, na panapoulizwa Kifaransa anaandika "wastani", akimaanisha anajua kusalimia.

Na Kiswahili chenyewe? SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Tulishangilia. Kisha kikaja kibanda cha mkalimani, kikahitaji mtu. Kuzaliwa Tanga hakukufanyi mkalimani, kama kuzaliwa pwani kusivyomfanya kila mtu nahodha. Ukalimani ni kusikia Kifaransa na kutoa Kiswahili mdomoni papo hapo, mzungumzaji hajamaliza sentensi, kwa zamu za nusu saa kwa sababu ubongo unachoka. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaufundisha kwa shahada ya uzamili. Mwenye Kiswahili safi, Kifaransa cha kweli na ujuzi wa mikataba, naamini, hatazunguka na bahasha ya vyeti.

Kuhusu Umoja wa Mataifa nitakuwa mfupi, maana ndiko mnakoota zaidi na ndiko kunakosinyaa. Mafunzo kazini makao makuu hayalipi mshahara. Anayeweza kuishi New York miezi sita bila mshahara ni mtoto wa nani? Mtihani wa vijana wataalamu upo, una ukomo wa miaka 32, na nchi zinazoruhusiwa hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tazameni orodha kila mwaka. Mpango wa wajitolea wa Umoja wa Mataifa ni mlango mpana zaidi, na hutoa posho ya kujikimu. Ila mwaka 2025 umetufundisha: shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na ndugu zetu wengi waliokuwa na magari ya miradi wakarudi nyumbani na maboksi. Ujuzi wao haukufungwa. Aliyekuwa mhasibu wa mradi bado ni mhasibu. Aliyekuwa "mtu wa miradi" tu ndiye ninayemhurumia.

Anayetaka kazi ya wakimbizi asiote Geneva kwanza. Kambi ya Nyarugusu ipo Kigoma tangu 1996, na huko utajifunza kwa msimu mmoja wa mvua kile ninachoshindwa kukufundisha kwa muhula: mkimbizi ni mtu anayebishana juu ya kipimo cha unga, na aliye mbele yake akimjibu ovyo, mkataba wa wakimbizi wa 1951 umevunjika pale pale kwenye foleni.

Makamu Mkuu, ombi langu kwako ni moja. Ondoa kozi mbili kati ya zile zangu za nadharia, nimekwisha kuzichagua, uweke uandishi wa madokezo na mihtasari, na lugha moja ya jirani kwa miaka yote mitatu. Nitalalamika kidogo kwenye kikao cha idara, halafu nitapiga kura ya ndiyo.

Sasa niko tayari kwa maswali. Naomba la kwanza litoke kwa aliyewahi kuketi kwenye jukwaa la wageni la Bunge la Afrika Mashariki lilipokuwa na kikao hapa Arusha. Kutoka geti letu ni mwendo wa daladala moja.