Bartimayo Hakunyamaza

Somo letu latoka Injili ya Marko 10:46-52, habari za Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko.

Watu walimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Bwana Yesu alisimama, akamwuliza ataka nini. Je, Bwana hakuona kwamba mtu huyu ni kipofu? Aliona. Lakini alimpa nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mama mmoja wa kanisa letu alitibiwa saratani ya titi. Alipasuliwa, akapewa dawa kali za mishipani, kisha mionzi. Tulimshukuru Mungu, tukadhani safari imekwisha. Kumbe ilibaki kliniki ya kurudi kila miezi michache. Mkono wa upande uliopasuliwa ukaanza kuvimba. Lakini kila alipoulizwa hali, alijibu, "Sijambo, Daktari," akaenda zake.

"Mchungaji," akaniambia, "foleni ni ndefu. Mimi ni nani nimpotezee daktari wakati?"

Nami, nakiri, nilimwambia avumilie na kuomba. Siku hiyo nilikuwa miongoni mwa wale waliomkemea Bartimayo.

Mke wangu ndiye aliyemletea daftari. Humo akaandika dawa anazomeza, maumivu yalipoanza, na maswali 3. Binti yake akamsindikiza. Daktari aliutazama ule mkono, akaeleza kwamba huweza kuvimba tezi za kwapani zikiisha kuondolewa. Akamfundisha mazoezi na kumpa mfuko wa kuubana. Uvimbe huo ukiwahiwa, hutulizwa vizuri zaidi.

Ndugu uliyemaliza matibabu, mwili ni wako, Mungu amekukabidhi uutunze. Ukiona uvimbe mpya, maumivu ya mifupa yasiyokoma, kukosa pumzi au kukonda bila sababu, usingoje tarehe ya kliniki. Ikiwa umeandikiwa tamoxifen, vidonge hivyo humezwa miaka 5 au zaidi. Usiviache kwa kujiona mzima. Vikikusumbua, sema. Usipoelewa jibu, uliza tena. Huko si kukosa adabu, wala si kukosa imani.

Nasi tulio jirani, tusimnyamazishe mgonjwa kwa maneno matamu. Tumsindikize.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama njiani kwa ajili ya mtu mmoja, uwape wagonjwa wetu ujasiri wa kusema, nasi masikio ya kusikia. Amina.