Anayesimama Kutunza

Leo tuanzie ukumbini. Taarab imekolea, fidla na ganuni zinajibizana, mwimbaji kafika ubeti wa pili. Mama mmoja anainuka kitini. Hana haraka. Anakwenda kwa madaha, noti kaishika juu ili kila jicho liione, na unapofika ule mstari aliokuwa akiungojea ndipo anapomkabidhi mwimbaji. Akirudi kuketi, ukumbi mzima umeshajua kwamba mstari ule si wa mshairi tena. Ni wake yeye, na anayesemwa yumo humo humo ndani, kajiinamia.

Huko ndiko kutunza. Wengi hukuona kama njia ya kumpa msanii riziki, na ni kweli riziki imo. Lakini mimi naamini kwamba shabiki anaposimama namna ile, naye anatunga.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, taarab ilikuwa burudani ya jumba la mfalme na iliimbwa kwa Kiarabu. Watu wa Ng'ambo, mtaa wa waliotoka utumwani na watoto wao, hawakuwa na kiti pale.

Akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kuzunguka mjini akiuza vyungu. Akaimba kwa Kiswahili. Usiku watu walijaa nyumbani kwake Ng'ambo, na hawakuja mikono mitupu: walikuja na habari za mtaani, za ndoa, za mahakamani. Katika habari za namna hiyo ndimo ulimozaliwa wimbo wa Kijiti, kisa cha mgeni wa kike aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliokuwa wenyeji wa yule mgeni ndio wakaadhibiwa. Waliousikiliza waliwajua wale wanawake. Hasira iliyokuwa ndani ya wimbo ilikuwa yao kabla haijawa ya Siti.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Fikiria jambo hilo, ndugu msikilizaji: mtu ambaye hakuwahi kualikwa jumbani anasikia lugha yake na kisa cha jirani yake vikitoka kwenye gramafoni.

Baadaye vikundi vya kina mama vya Unguja vilishindana kwa nyimbo, kila kimoja na wafuasi wake. Na katika miaka ya 1990, Dar es Salaam ikagawanyika baina ya makundi mawili ya taarab, TOT na Muungano. Mipasho ilirushwa jukwaani, ila waliokwenda nayo nyumbani, mabombani na sokoni walikuwa mashabiki. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya kundi pinzani ukageuka kuwa jibu kwa mke mwenza au kwa jirani aliyezoea kudharau. Mtunzi hakuwafahamu watu hao.

Kuna kitu hunigusa kila ninapozisikiliza rekodi za Bombay. Sauti ya Siti ipo, ala zipo. Lakini zilirekodiwa mbali, ng'ambo ya bahari, na watu wa nyumbani kwake hawakuwapo. Hakuna kigelegele wala anayeinuka. Mstari unapita, na nafasi ya yule mama mwenye noti imebaki wazi.