Tujiulize Kwanza Tunaulizana Nini

Hotuba iliyotolewa Johannesburg mbele ya mkutano mkuu wa ukoo



Wengine mmetoka Morogoro na Kilosa kwa basi, siku kadhaa njiani; wengine mmetoka Muscat, Leicester na Toronto. Sisi wenyeji wa hapa tunasema karibuni sana, na mtuwie radhi kwa baridi hii.

Kamati imenitaka nizungumzie namna vyama na taasisi zinavyofikia maamuzi mazito. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo. Nimekubali kwa sababu kesho asubuhi, katika ajenda namba 4, tunatakiwa kupiga kura: mchango wa Mfuko wa Kuzikana upandishwe au usipandishwe. Nimekaa na ajenda hiyo majuma mawili, na kila nikiisoma naona kwamba tumeletewa jibu tulichague kabla swali lenyewe halijaulizwa.

Nianze na Kongwa, mahali ambapo marehemu babu yetu aliwahi kufanya kibarua. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani na kupungukiwa na mafuta ya kupikia, ilituma wajumbe Tanganyika. Walizunguka kwa majuma tisa tu, wakarudi na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilipoanza mwaka 1947, mashauri yote yakawa ya matrekta: yapatikane wapi, na visiki ving'olewe kwa kasi gani? Habari ya mvua haba ya Kongwa, na ya udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, haikupewa uzito wake, ingawa Wagogo walioishi na njaa za nchi ile walikuwapo pale pale. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Waliopanga mambo yale hawakuwa wajinga. Walishika swali lililohesabika upesi, wakaliacha lile lililokuwa likiwasubiri shambani.

Kongwa hiyo hiyo ndiyo iliyotolewa na serikali yetu, katika miaka ya 1960, iwe kambi ya wapigania uhuru wa kusini, wakiwamo vijana wa ANC kutoka nchi hii tuliyomo leo. Kisa chao ndicho hasa nilichotaka kukisimulia, maana kilifikia kilele chake Morogoro, mjini kwetu.

Agosti 1967 kikosi cha ANC, pamoja na wenzao wa ZAPU, kilivuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia, kikitafuta njia ya kurudi nyumbani kwa silaha. Wengi waliuawa. Wengine walikimbilia Botswana wakafungwa, na mmoja wao alikuwa Chris Hani. Alipofunguliwa na kurudi Zambia, yeye na wenzake sita waliandika waraka mkali mapema mwaka 1969: viongozi wamezoea starehe za ugenini, mpango wa kurudi nyumbani hauonekani, na waliokufa hakuna aliyewatolea hesabu.

Hapo palikuwa na swali jepesi kuliko yote: vijana hawa waadhibiwe vipi? Na kweli swali hilo liliulizwa, na vijana wakawekwa nje ya chama. Lakini mambo hayakuishia hapo. Oliver Tambo, ambaye wengi wenu mmeteremka katika uwanja wa ndege wenye jina lake, na wenziwe katika uongozi, waliitisha mkutano wa mashauriano. Kabla ya mkutano, wanachama wa makambini na wa nchi mbalimbali waliombwa watoe maoni yao. Ndipo wajumbe wapatao 70 wakakutana Morogoro tangu tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Tambo mwenyewe alijiuzulu mbele yao, wakamchagua tena.

Lililobadilika pale ni swali. Waliingia wakiwaza namna ya kuwapenyeza askari mpaka nyumbani. Walitoka wakiwa wamekubaliana kwamba bunduki ifuate siasa, na kwamba siasa hiyo ni ya watu walio nyumbani, si ya makambini peke yake. Na mara swali likageuka tena: hao watu ni akina nani? Wakaamua kwamba Wahindi, Wazungu na Machotara walioko ughaibuni waweze kuwa wanachama. Katika Baraza la Mapinduzi lililoundwa wakaingia Yusuf Dadoo, Joe Slovo na Reg September.

Msidhani kwamba kila mtu aliridhika. Mwaka 1975 wanachama wanane waliopinga jambo hilo walifukuzwa. Halmashauri Kuu yenyewe haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Miaka 16! Wapo pia wanaosema kwamba Morogoro ilikuwa njia ya viongozi kujiokoa. Sina ugomvi nao. Hata mtu anayejiokoa huweza kuuliza swali zuri. Na wale saba walirudishwa chamani.

Sasa nirudi kwenye makaburi, maana ndiko tunakokwenda kesho. Slovo, aliyezaliwa Lithuania, alizikwa Januari 1995 katika makaburi ya Avalon, Soweto, si mbali na hapa. J. B. Marks, mmoja wa viongozi wa enzi ile ya Morogoro, alifariki Moscow mwaka 1972 akazikwa huko. Mabaki yake yalirejeshwa Afrika Kusini mwaka 2015. Mmoja nyumbani kwake pakawa alipohamia, na mwingine akangojewa miaka 43. Sijui kanuni gani ya mfuko wetu ingewafaa wote wawili.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu alifariki hapa Johannesburg. Mwili ulikaa siku kumi na moja tukichangishana kwa simu, kisha tukausafirisha. Mimi nilikuwa mweka hazina, na hesabu zangu zilikuwa safi mpaka senti ya mwisho. Baada ya arobaini mjane wake aliniambia kwa upole, "Shemeji, mbona hakuna aliyeniuliza?" Yeye na watoto wako hapa. Kaburi liko nchi nyingine. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Wazee wanayo haki yao. Kaburi la nyumbani lina wa kulipalilia, na matanga ya ugenini ni ya watu watano sebuleni. Ndugu zetu Waislamu nao wametukumbusha mara nyingi kwamba maiti haicheleweshwi. Na watoto waliozaliwa hapa wana kauli yao, ambayo hatujaisikia kwa sababu hatujaitaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kwa heshima kura ya kesho iahirishwe kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo kila nyumba, mume na mke kila mmoja kwa mkono wake, waandike: nikifa ugenini nizikwe wapi, na neno la mwisho awe nalo nani? Matawi ya mbali yajibu kwa barua. Wenzetu ambao hawakuweza kuja wasomewe swali hili kwa simu na majibu yao yaandikwe. Tukishajua ni wangapi wa kusafirishwa na wangapi wa kuzikwa walipo, kiwango cha mchango mweka hazina wa sasa atakipiga kwa jioni moja.

Karatasi ziko mezani karibu na mlango, na kalamu zipo. Shemeji yangu amekwisha kuchukua yake.