Usafi Usiomdhuru Msafishaji

Wajibu wetu ni kusimamia ubora na usalama wa bidhaa zinazomfikia mlaji. Tumeona kuwa mlaji husoma kwa makini tarehe iliyo juu ya pakiti ya maziwa, lakini dawa ya choo huichagua kwa harufu. Ikimchoma pua, huamini kuwa ina nguvu. Akichanganya mbili, huamini kuwa nguvu imeongezeka maradufu. Anayelipa gharama ya imani hiyo ni yule anayeinama juu ya sinki la choo.

Zipo dawa za klorini, ambazo wengi huziita blichi. Zipo pia dawa za kung'arisha masinki ya choo, ambazo nyingi zina asidi inayoyeyusha ukoko na madoa sugu. Kila moja ina kazi yake. Zikikutana, hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara mbili na nusu. Kwa hiyo haipandi upesi kuelekea dirishani, bali hutanda chini, mahali hasa palipo na uso wa msafishaji. Ikiwa kidogo, huwasha macho na koo. Ikiwa nyingi, husababisha mapafu kujaa maji. Barakoa ya kitambaa haiizuii.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini methali hiyo haifai chooni. Klorini isichanganywe na asidi, wala na dawa yenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo. Mkojo nao una viambata vinavyotoa gesi ya kudhuru vinapokutana na klorini. Hivyo vuta maji kwanza, ndipo utie dawa. Ikiwa sinki linahitaji asidi, itumie peke yake, suuza kwa maji mengi, na klorini iachiwe siku nyingine.

Sasa tuzungumzie ufanisi. Klorini humalizia nguvu zake kwenye uchafu inaoukuta kabla ya kuvifikia vijidudu. Kumwaga dawa juu ya sakafu yenye tope ni kupoteza fedha. Utaratibu sahihi ni huu: fagia, osha kwa sabuni na maji, suuza, ndipo upake dawa na kuiacha kwa muda uliotajwa kwenye lebo kabla ya kufuta. Msimamizi anayemharakisha mfanyakazi afute papo hapo amenunua harufu tu.

Vipimo navyo vizingatiwe. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kikombe kimoja katika vikombe 34 vya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.1, unaofaa kwa sakafu na vitasa vya milango. Kikombe kimoja katika vikombe 6 vya maji hutoa asilimia 0.5, kwa mahali palipomwagika damu, baada ya damu kufutwa kwanza. Hapo iachwe kwa dakika 10. Ikiwa chupa yenu ina asilimia nyingine, vipimo hubadilika, kwa hiyo someni lebo kwanza. Tumieni maji baridi, tieni dawa ndani ya maji, na tengenezeni mchanganyiko mpya kila siku, kwa kuwa klorini hupungua nguvu kwa joto na mwanga wa jua.

Anzeni mahali safi mkielekea penye uchafu, na juu mkielekea chini. Tambara la chooni lisiguse meza ya jikoni. Kulipa rangi yake pekee ni njia rahisi ya kulitofautisha. Fungueni madirisha na milango, na vaeni glavu za mpira na viatu vilivyofunikwa. Anayemimina dawa kali avae pia miwani ya kujikinga.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya choo, bila lebo. Msafishaji hawezi kujua kama ameshika asidi au klorini, hivyo hana namna ya kuepuka kuzichanganya. Mtoto mwenye kiu naye huona chupa ya maji tu. Msinunue dawa ya namna hiyo, hata ikiwa nafuu, wala msihamishe dawa kutoka chupa yake ya asili. Mkilazimika kuigawa, andikeni jina lake, nguvu yake na tarehe kwa herufi zinazosomeka, na kamwe msitumie chombo cha chakula au kinywaji.

Ikitokea ajali, fanyeni hivi. Dawa ikiingia machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa. Mkisikia harufu ya kukaba, tokeni mara moja mwende kwenye hewa safi, wala msirudi kuokoa ndoo.

Kwa waajiri, tunakumbusha kuwa nchini Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 huwapa wajibu wa kumkinga mfanyakazi. Glavu si zawadi ya mwajiri mwema. Nanyi wakazi mnaoajiri msaidizi wa nyumbani, msomeeni lebo ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoifahamu. Hilo halihitaji fedha.

Jengo likinukia dawa huku aliyelisafisha anakohoa, tusiseme kuwa kazi imefanyika vizuri. Sakafu iwe safi, naye aliyeisafisha arejee kwake akiwa mzima.