Nipe Dawa ya Gesi



Kabla ya kuvaa joho hili la chuo kikuu nilisimama miaka sita nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini Tanga. Ombi nililolisikia mara nyingi kuliko yote lilikuwa la maneno manne: "Nipe dawa ya gesi." Wengine walikuja na jina zito zaidi: "Nina vidonda vya tumbo." Ukiuliza aliyempima ni nani, jibu lilikuwa jirani, au shemeji. Wote niliwapa chupa ileile ya dawa nyeupe, nikarudisha chenji.

Kiswahili kina neno lake, kiungulia, na ukilitegea sikio utasikia kuungua ndani yake. Waingereza wameusingizia moyo, wakakiita heartburn. Tusiwacheke, maana sisi nasi pale mbavu zinapokutana tumepaita chembe cha moyo. Hayo si makosa ya lugha. Mishipa ya fahamu ya umio na ya moyo hupeleka habari kwa njia zinazokaribiana mno, hata ubongo wenyewe huchanganya. Mtu wa makamo mwenye kisukari au presha, anayebanwa kifua huku maumivu yakipanda kwenye taya au kushuka mkononi na jasho jembamba likimtoka, asinunue kitu dukani kwangu. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Tumbo hutengeneza asidi kali sana, lakini lina utando wa ute wa kujikinga. Umio hauna kinga hiyo. Kati yao upo msuli wa duara unaofunga kama kinywa cha mfuko wa kamba. Ukilegea, asidi hupanda. Mwenye kiungulia, basi, mara nyingi hana asidi kumshinda jirani yake. Asidi yake imefika pasipo pake. Mlo mkubwa huulegeza msuli huo, mafuta hulegeza, sigara na pombe vilevile. Kitambi huusukuma kutoka chini. Kwa mjamzito homoni hulegeza na mtoto husukuma. Wanaosema mtoto wa mjamzito mwenye kiungulia atazaliwa na nywele nyingi, nilikuwa nawacheka mpaka watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walipochapisha mwaka 2006 utafiti mdogo wa wajawazito 64 uliokuta uhusiano huo upo. Siku hizi nanyamaza.

Mwalimu wangu mkubwa wa somo hili alikuwa mwezi wa Ramadhani. Kuanzia siku ya tatu hivi ya mfungo, foleni ilirefuka baada ya tarawehe. Tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri linashushiwa kwa mkupuo viazi karai, bhajia, sambusa, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Usiku wa manane linaamshwa kwa daku, na mwenye tumbo anarudi kulala wali ukiwa bado kifuani. Sikumwambia mtu aache sambusa, nisingesikilizwa. Niliwaambia wafungue kwa tende na kitu chepesi, waswali, kisha wale kilichobaki, na daku wale kidogo wakae wima kwa muda watakaoumudu. Kwa siku za kawaida kipimo ni saa tatu kati ya chakula cha usiku na kitanda. Na anayeungua usiku aweke matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo: inamkunja kiunoni na kulibana tumbo lilelile. Alalie ubavu wa kushoto, ambako tumbo hubaki chini ya mlango wa umio.

Bibi zetu hawakungoja duka. Walilamba magadi, na kwa kemia hawakukosea, kwa kuwa magadi ni jamaa ya magadisoda ya maandazi, nayo huzima asidi. Ila magadi ya kaskazini mwetu hubeba floridi nyingi, ileile inayoyapaka meno ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro rangi ya kahawia. Maziwa nayo yana historia ndefu. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago aliwalisha wagonjwa wa vidonda maziwa na krimu kila saa, na dunia ikamfuata kwa miongo. Maziwa hupoza kwa dakika chache, kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo litoe asidi nyingine.

Dukani kuna familia tatu za dawa. Ya kwanza ni ile chupa nyeupe, yenye magnesiamu na alumini. Huzima asidi ndani ya dakika chache, nguvu yake ikaisha mapema. Magnesiamu huharisha, alumini hufunga choo, ndiyo maana wamefungishwa ndoa katika chupa moja. Chumvi za kutoa povu zina sodiamu nyingi, na hazimfai mwenye presha. Zipo pia za alijineti, zinazoelea juu ya chakula kama chelezo. Hizo hunywewa baada ya kula.

Hapa pana jambo nililolikosea mwenyewe. Chupa nyeupe hunasa dawa nyingine tumboni zisifyonzwe: doksisaiklini, siprofloksasini, vidonge vya madini ya chuma vya wajawazito, na dolutegraviri, nguzo ya dawa za kufubaza VVU. Dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya chupa hiyo au saa sita baada yake. Mtu hawezi kutangaza hali yake mbele ya foleni. Muuzaji ndiye aseme hayo kwa kila mnunuzi, bila kuuliza sababu.

Familia ya pili ilizaliwa kwa simetidini ya mtafiti James Black mwaka 1976. Nduguye ranitidini aliondolewa kwenye masoko mengi kuanzia 2019 kwa uchafu unaoshukiwa kuleta saratani. Ya tatu ni omeprazoli, iliyotoka Uswidi mwaka 1988, mwaka uleule Black alipopewa Nobel. Hufunga pampu za asidi pale tu zinapoamka, nazo huamshwa na chakula. Imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kila siku, kwa siku 14. Anayeimeza akishaungua, baada ya pilau, amechelewa. Na atakayekwenda kupimwa bakteria waliogunduliwa na Marshall na Warren, wanaoleta vidonda vingi vya tumbo, aiache wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kitamdanganya.

Sasa mzee mmoja, mvuvi. Alinunua chupa kwangu kila wiki, tukawa marafiki. Siku moja akaniambia ameacha ugali kwa sababu unamletea gesi, siku hizi anakunywa uji tu. Nikamsifu kwa kubadili mlo. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nikamuuzia chupa.

Tunaishi katika ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, kwetu, Malawi, hadi Afrika Kusini. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimewekwa tangu 2016 katika kundi la vile ambavyo huenda vinaisababisha, nasi tunajisifu kwa chai inayochoma. Saratani hiyo haianzi kwa kilio. Nyama inakwama, mtu anaisukuma kwa maji. Kisha ugali unakwama. Kisha anabaki na uji, na anaiita gesi.

Wanafunzi wangu wa famasia nimewaomba wapunguze maswali kwenye kaunta, kwa kuwa foleni ni ndefu. Choo cheusi kama lami wakiulizie, na vidonge vya maumivu vya diklofenaki pia. Lakini kabla mkono haujafika rafuni, la kwanza liwe hili: mara ya mwisho kumeza tonge la ugali bila kulisukuma kwa maji ilikuwa lini?